Mkanda Ulioongezwa

Jumapili, 3 Machi

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha leo asubuhi, na mashine ya presha imewaka. Mwalimu wa Klabu ya Afya ametuambia tuandike shajara muhula mzima wa mvua, na tuanze na tunachokiona kabla ya tunachokihisi. Kwa hiyo naanza na ninachokiona.

Sebule yetu ni karakana ya kushona. Ina vyerehani vitatu, meza ya kukatia, pasi ya mkaa na kamba ya kuanikia iliyofungwa ukuta kwa ukuta. Karibu na mlango kuna kiti chenye mto, na hapo hukaa Bibi, mama yake Baba, tepu ikiwa shingoni. Karakana ni yake. Mama yangu ni mkwe wake na ndiye fundi wake bora, ingawa Bibi hajawahi kusema hivyo. Humwita Gunia kwa sababu ya unene. Fundi wa kuajiriwa ni mmoja, Dada Vifungo, na kazi yake ni kutia vifungo na kucheka Bibi anapotaka pachekwe.

Bibi na Mama wote wana presha, na kila mmoja ana vidonge vyake vya kliniki. Baba, ambaye ni dereva wa lori na hupita nyumbani kama mgeni, ametuletea mashine ya kupimia. Mimi ndiye niliyefundishwa kuitumia, kwa hiyo Bibi amenipa cheo.

"Kila Jumapili, Daktari," akasema, "utapima na utatangaza. Watu wasikie."

Mkanda wa mashine, ule unaofungwa mkononi juu ya kiwiko, ulimkaa Bibi vizuri sana. Namba ya juu ilikuwa mia na ishirini na sita, nami nikaitangaza. Nilipoupeleka kwa Mama, ukagoma kufunga.

"Hata mashine imemshindwa!" Bibi akasema. Dada Vifungo akacheka. "Haya, Gunia, wewe ni fundi. Nguo ikibana inafanywaje?"

"Inaongezwa, Mama."

"Basi ongeza."

Mama akachukua kipande cha kitambaa cha kijivu kilichobaki kwenye suti ya mtu, akakiunga kwenye mkanda. Ukipitisha kidole huoni wala husikii pa kuungia. Nilijivunia mikono ile. Kisha nikampima: mia na sabini.

Nikatangaza.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Sare za shule tunazoshona hazikauki, tunazikausha kwa pasi.

Jumapili, 10 Machi

Bibi mia na ishirini na nne. Mama mia na sitini na nane.

Namheshimu Bibi na napenda niandike hivyo. Hutembea kila asubuhi kabla ya mvua kuanza, hanywi chai ya sukari, humeza kidonge chake na glasi nzima ya maji. Mwalimu angemtaja kama mfano. Mama yeye hukaa. Ninajua anakaa kwa kuwa anashona, lakini mwili haujui sababu. Nimemwambia hivyo leo, kwa upole.

"Sawa, mwanangu," akasema, na akaendelea kukanyaga cherehani.

Alhamisi, 14 Machi

Bibi ameamuru Mama apikiwe chungu chake bila chumvi. Niliona ni haki, maana ndivyo tulivyofundishwa: chumvi kidogo. Lakini tulifundishwa nyumba nzima ipunguze, hatukufundishwa kwamba mtu mmoja ale peke yake kando ya mlango wa uani, huku wengine wakimtazama.

Jumapili, 17 Machi

Mia na sabini na mbili. Chumvi imeondolewa na namba imepanda.

Bibi akainuka, akamwendea Mama aliyekuwa bado na mkanda mkononi, akapitisha kidole kwenye shingo yake yenye jasho na kukilamba.

"Chumvi tupu! Huyu anakula wapi? Daktari, kapekue."

Nikaenda. Naandika tu nilichofanya. Nilikung'uta mto wa Mama, nikafunua godoro, nikatikisa khanga zake moja moja. Alisimama mlangoni akinitazama. Hapakuwa na chumvi. Palikuwa na pipi za mnanaa, chache, ndani ya kopo la vifungo.

"Za nini hizi?"

"Nikiinuka kichwa kinazunguka," akasema. "Nikimumunya moja, napata nafuu."

Niliporudi nikasema sikuona chumvi. Kuhusu pipi sikusema. Bibi alisema basi chumvi ameificha mwilini, na Dada Vifungo akacheka mpaka akajichoma sindano.

Jumatatu, 18 Machi

Bibi ameanza kumpa Mama kidonge chake, juu ya kile ambacho Mama hupewa kliniki. "Mimi nimeshapona, mia na ishirini. Dawa nzuri isikae bure. Meza mbele yangu."

Nikamwambia Bibi kwamba Mwalimu amesema dawa ya mtu ni ya mtu.

"Huyo mwalimu wako ana mkwe?"

"Hana, Bibi."

"Ndiyo maana."

Jumapili, 24 Machi

Mama mia na sitini. "Mmeona?" Bibi akasema, akipiga paja. "Dawa yangu inafanya kazi kuliko ya kwake. Hata vidonge vinajua vimetoka kwa nani."

Bibi mwenyewe mia na thelathini na nane. Alisema ni kelele za mvua kwenye mabati, na akataka nitangaze ile ya wiki iliyopita. Nikatangaza ile ya wiki iliyopita.

Jumanne, 26 Machi

Leo Mwalimu ametufundisha namna ya kupima, na nimegundua kwamba nilikuwa napima ovyo. Mtu akae atulie kwanza. Mgongo uegemee kiti, nyayo zikanyage sakafu, mkono uwe mezani usawa wa moyo. Asiwe ametoka kunywa chai ya rangi, asiwe amebana mkojo. Na asizungumze, wala asizungumzishwe. Mwalimu alisema mpimaji ana ruhusa ya kumnyamazisha mtu yeyote chumbani, awe mkubwa awe mdogo.

Nilifikiria Jumapili zetu zote. Bibi anapopimwa, chumba kizima hukaa kimya, hata vyerehani havikanyagwi. Mama anapopimwa, anatukanwa.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo: *Tafadhali nyamazeni, ninapima.* Sauti yangu inatoka vizuri kukiwa hakuna mtu.

Jumapili, 31 Machi

Nilisimama na mkanda. Bibi alikuwa amekwisha kuanza: kwamba Baba angeoa mwembamba kitambaa kingebaki, kwamba kiti kile amekinunua kwa ajili ya watu. Nilifungua kinywa. Kikatoka kikohozi.

Mama mia na hamsini na nane. Bibi mia na arobaini na nne. Nikaambiwa nitangaze mia na ishirini.

Jumatano, 3 Aprili

Bibi alikwenda sokoni kuchagua vifungo na Dada Vifungo. Nikamwomba Mama akae kwenye kiti chenye mto.

"Kiti cha Bibi yako?"

"Kina mgongo mzuri, Mama. Egemea. Usiseme kitu."

Akaegemea. Mvua ilikuwa ndogo, tukaisikiliza. Nikaona uso wake ukilegea kama kitambaa kinachotolewa pini. Mia na arobaini na sita! Nilitaka kupiga kelele. Nikamwambia, naye akacheka kidogo, akasema, "Kumbe dawa ni Bibi yako kwenda sokoni."

Ni mara ya kwanza kumsikia akifanya mzaha tangu mvua zianze. Nilipomwangalia alivyoinuka nikaona ameshika meza kwa mikono miwili na kusubiri. Nikamuuliza kama ni kizunguzungu. Akasema hapana, na mkono wake ukaelekea kwenye kopo la vifungo.

Bibi aliporudi nikamweleza kwa furaha. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mmepima mimi sipo?"

"Ndiyo, Bibi, ili atulie."

"Huo ni wizi wa mtihani. Haihesabiki. Na nani aliyekalia kiti changu? Mto umebonyea."

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua kutwa. Mtihani wa hisabati. Si haba.

Jumanne, 9 Aprili

Leo nitaandika kirefu.

Nilirudi shule nimelowa. Karakana ilikuwa na moshi wa mkaa na harufu ya nguo mbichi, sare zimening'inia kila mahali. Mama alikuwa amechuchumaa sakafuni akiokota pini. Pasi ilikuwa mezani, imefunguliwa, inapepewa. Bibi alisema, "Gunia, inuka upige pasi, mkaa unakwisha bure."

Mama akainuka mara moja, kama anavyoinuka kila akiitwa. Nilimwona akisimama wima, na nikaona macho yake hayatazami kitu. Kisha akaanguka. Hakuanguka kama mtu anayejikwaa, aliteremka taratibu kama nguo inayodondoka kwenye kamba, na mkono wake wa kushoto ukaangukia pasi na kuiburuta juu ya sare iliyokuwa mezani.

Nilisikia ngozi. Sitaandika sauti yake.

Nilimvuta. Nikamwagia mkono maji ya bomba na kuendelea kumwagia, tulivyofundishwa, bila barafu, bila mafuta, bila dawa ya meno. Dada Vifungo kwa mara ya kwanza hakucheka, alilia. Miguu ya Mama nikaipandisha juu ya marobota ya vitambaa, na rangi ikaanza kumrudia midomoni.

Bibi alikuwa ameshika sare iliyoungua. Aliinyanyua kuelekea mwanga, akaona tundu.

"Hii ni ya mteja," akasema.

Nilisubiri aseme kitu kingine. Nilisubiri kweli, kwa sababu mimi ndiye niliyeandika mwezi uliopita kwamba namheshimu.

"Atashona nyingine usiku akipoa," akasema.

Huko kliniki, nesi alimfunga Mama mkono, kisha akampima presha akiwa amelala, kwa mkanda mpana ambao sijawahi kuuona. Mia na nne. Akamsimamisha, akapima tena. Themanini na sita.

"Huyu hana presha ya juu," nesi akasema. "Huyu presha imemwishia. Anameza nini?"

Mama alitazama ukuta. Nikasema mimi. Nilisema kidonge chake na kidonge cha Bibi. Nesi akaweka kalamu chini.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nyumbani namba ni kubwa, Nesi. Nampima mwenyewe."

"Kesho niletee hiyo mashine yako."

Jumatano, 10 Aprili

Nesi aligeuza mkanda wetu mara mbili mikononi mwake. Mara ya kwanza alitabasamu.

"Fundi nani?"

"Mimi," Mama akasema.

"Kazi safi. Sijaona ulipoungia." Kisha tabasamu likaondoka. Akanishikisha mkanda, akaniambia nibonyeze. Ndani kuna mfuko wa mpira unaojaa hewa, na hiyo hewa ndiyo inayopima. "Mmeongeza nguo. Mfuko hamkuongeza. Mfuko mdogo kwenye mkono mnene hubana kwa shida, namba hutoka kubwa kuliko ukweli. Na mfuko mkubwa kwenye mkono mwembamba, kinyume chake, namba hutoka ndogo. Mkanda si gauni, mama."

Namba zote zile nilizozitangaza. Chungu kisicho na chumvi. Khanga nilizotikisa.

Nesi alimpunguzia Mama dawa, akatukabidhi mkanda mpana tukae nao. Akasema Bibi arudie vidonge vyake leo hii na afike kliniki apimwe.

Njiani Mama alibeba mkono wake uliofungwa kama anambeba mtoto wa mtu mwingine. Tulipokaribia nyumbani akasema, "Nilijua nimeunga vizuri."

"Uliunga vizuri sana, Mama."

"Ndicho kilichoniponza."

Jumapili, 14 Aprili

Mama kwa mkanda mpana, akiwa ametulia: mia na ishirini na mbili. Nilitangaza kwa sauti kubwa kuliko siku zote. Bibi alitazama nje.

Kisha akasema, "Nipime na huo mpya. Kwa nini avae kizuri yeye?"

Nikamweleza kuhusu mfuko na mkono mwembamba. Akanyoosha mkono, akasubiri. Nikafunga. Mkanda ulimzunguka karibu mara mbili. Mia na kumi na nane.

"Nimepona," Bibi akasema.

"Bibi, hiyo si kweli. Mkanda huu kwako ni mkubwa. Na nesi amesema urudie vidonge, ufike kliniki..."

"Mkanda ulipokuwa unamsema mama yako ulikuwa wa kweli. Leo unanisifu mimi, umekuwa mwongo?"

Jibu lilikuwa ndiyo na hapana, na Dada Vifungo alikuwa amekwisha kucheka.

Jumatatu, 15 Aprili

Nilitaka nimpime Bibi kwa mkanda wa zamani. Kwake ule ulikuwa sawa. Nimeutafuta kila mahali. Nikamuuliza Mama.

Alikuwa anashona kwa mkono mmoja, kitambaa akikishika kwa meno.

"Ule? Nimeukata."

"Umeukata, Mama?"

"Nimetoa mpira, kitambaa nimekifanya mto wa pini. Wa Bibi yako. Wake umechakaa."

Nilimtazama. Hakuwa na hasira usoni. Ningependa angekuwa nayo.

"Lakini ndio uliokuwa unasema kweli kwake. Mama, wewe ulikuwepo nesi aliposema."

"Nilikuwepo."

"Basi tumwambie tena aende kliniki."

"Umemwambia jana mbele za watu. Ni mtu mzima, ana masikio." Akakata uzi. "Mara moja inatosha. Mimi niliambiwa mara ngapi?"

Jumatano, 17 Aprili

Nilipita kliniki baada ya shule kuomba mkanda wa kawaida. Nesi yuko kwenye chanjo za vijijini, barabara imekatika, hajulikani atarudi lini. Nimeacha ujumbe kwa mlinzi, akaurudia mara mbili ili nione ameushika.

Bibi ameupenda mto wa pini. Ameuweka mapajani akiugeuza. "Huu ndio ushonaji," akasema. Ni mara ya kwanza anamsifu Mama nikiwa nasikia. Mama akashukuru, akainamisha kichwa.

Jumapili, 21 Aprili

Bibi mia na kumi na sita kwa mkanda mpana. Nilikataa kutangaza. Bibi akatangaza mwenyewe.

Analalamika kichwa cha asubuhi. Ameacha kutembea, anasema matope.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua ilikuwa imepumzika. Nilikuwa nafanya kazi ya shule kwenye meza ya kukatia, Mama kwenye cherehani, Bibi kitini akipinda ukingo wa sketi. Dada Vifungo hakuja, mtoto wake anaumwa.

Bibi alitoa pini kwenye ukingo, akaipeleka kuichomeka kwenye mto. Pini ikakosa mto, ikaingia pajani mwake. Hakushtuka. Akachukua nyingine. Nayo ikaingia pajani.

Nikainua macho. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umeshuka.

Tumefundishwa: uso, mikono, maneno. "Bibi," nikasema, "inua mikono yote miwili." Ukainuka mmoja. "Bibi, sema jina la kitu ulichoshika." Akasema kitu ambacho hakikuwa na herufi.

"Mama! Ni kiharusi. Tutafute gari!"

Mama alikuwa ameacha kukanyaga. Alikuwa anatazama pini zile mbili, na sketi ilikuwa inaanza kuloa nukta ndogo ndogo za damu.

"Muache atulie kwanza," akasema taratibu. "Si ndivyo mnavyofundishwa? Mgongo uegemee. Nyayo zikanyage. Asizungumzishwe."

Sijui nilimtazama kwa muda gani. Ulikuwa uso wa Mama, ule ule uliolegea siku ile ya kiti.

Nilikimbia. Nilikimbia hadi kwa muuza mkaa mwenye gari, nikamwambia maneno yote kwa pamoja. Tuliporudi Mama alikuwa amemlaza Bibi ubavu, amemchomoa pini, na alikuwa akilia kwa kelele ambayo sikujua kama ni ya huzuni.

Ijumaa, 26 Aprili

Bibi yu hai. Daktari wa hospitali alisema tungechelewa zaidi, tusingemkuta. Alinisifu. Mama alikuwa kando yangu, akasema, "Ndiyo, ni mtoto makini," na akanishika bega kwa mkono wake wenye kovu. Nilitaka kuuondoa na nilitaka uendelee kubaki hapo.

Jumapili, 5 Mei

Hakuna kitu. Mawingu tu.

Jumapili, 19 Mei

Mvua zimekwisha. Sare zinakauka kwenye kamba ya nje, na Bibi amerudi nyumbani. Mkono wa kulia hausogei, maneno yanatoka nusu. Tumemweka kwenye kiti chake chenye mto. Nesi amenipa mkanda wa kawaida, mpya, nami nimemwahidi nitapima kwa haki.

Mama ndiye anayemlisha. Anamlisha vizuri, taratibu, akimpangusa. Chungu cha Bibi ni cha peke yake, hakina chumvi, na kiti kimesogezwa kando ya mlango wa uani.

Leo asubuhi nilimwegemeza Bibi mgongo, nikampanga nyayo, nikaweka mkono wake mwembamba mezani. Dada Vifungo aliweka kazi kando akae kutazama. Mama akavuta kigoda, akaketi mbele ya Bibi, magoti yakikaribia kugusana.

"Haya," Mama akasema, kwa sauti tamu. "Tuone leo gunia ni nani. Mtu mwembamba, mtembezi, asiyenywa sukari. Mto umeupenda? Niliutia kitambaa gani, unakikumbuka?"

Dada Vifungo akacheka. Mkanda ulikuwa unajaa hewa. Jicho zima la Bibi lilinigeukia na kubaki kwangu, nami nikalijua jicho lile: nililiona mwezi Machi, mlangoni, nilipokuwa natikisa khanga.

Nikabonyeza kitufe, hewa ikatoka yote. Nikaanza upya.

"Mama," nikasema, na sauti ikatoka kama ilivyotoka mbele ya kioo, "nyamaza. Ninapima."